Mgao wa Baharia

Hapa Shelui vijana huitana baharia. Mwendesha bodaboda ni baharia. Mchimbaji anayetoka shimoni na vumbi hadi kwenye kope ni baharia. Utingo anayeruka kutoka kwenye lori kabla halijasimama sawasawa, huyo ni baharia mkubwa. Neno hili lilivuma mitaani na mitandaoni miaka ya karibuni likimaanisha kijana wa kuhangaika, mjanja, asiye na mahali pamoja pa kulala, na huku kwetu likapokewa kama lilivyopokewa kwingine nchini. Ila Shelui ni mji mdogo wa wilaya ya Iramba, mkoani Singida, chini ya mteremko wa Sekenke, mamia ya kilomita kutoka Bahari ya Hindi. Wengi wa mabaharia wetu hawajawahi kuiona.

Baharia hakuja peke yake. Kijana anayefunga kitambaa mkononi katika timu ya kata anaitwa nahodha, neno lililotoka Uajemi likiwa na maana ya mwenye chombo. Dereva wa lori anashika usukani. Lori limebeba shehena, na shehena hiyo mara nyingine inakwenda bandarini, ingawa ni bandari kavu ya Isaka, mbele ya Nzega. Lugha ya malori yetu ni lugha ya majahazi iliyopanda bara. Yako maneno yaliyobaki pwani: foromali, ule mti mrefu unaoshika tanga, demani, kamba ya kulivutia tanga, serehangi, mkuu wa mabaharia, ngama, uvungu wa chombo ambamo maji hujikusanya. Hayo hatukuyahitaji. Tulichukua yale yaliyotufaa barabarani na uwanjani.

Nasoma shahada ya uzamili katika historia, Dar es Salaam, na utafiti wangu unahusu safari za majahazi katika Bahari ya Hindi. Ninaporudi nyumbani likizo, watu huniuliza Mnyiramba anatafuta nini baharini. Jibu langu hubadilika kulingana na anayeuliza, lakini swali ninalobeba mimi mwenyewe ni moja: huyo baharia wa kwanza, mwenye jina lake, alikuwa mtu gani? Aliamkaje, alikula nini, alilala wapi? Na mwisho wa safari alilipwa nini? Swali hilo la mwisho ndilo lililonirudisha Shelui, maana jibu lake nimelikuta kwenye mashimo ya dhahabu nyuma ya nyumba yetu.

Vitabu vya zamani havisemi mengi juu ya sitaha. Mwongozo wa wafanyabiashara wa Kigiriki wa karne ya 1, uitwao Periplus, unataja mitumbwi ya kushonwa kwa kamba katika pwani yetu, na manahodha wa Kiarabu waliojua lugha ya wenyeji na kuoa kwao. Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu, Mombasa na Kilwa mwaka 1331, anasema kutoka Zeila hadi Mogadishu ni safari ya siku 15. Akishafika Mogadishu anaeleza kwa kirefu jinsi alivyopokewa na sahani alizoandaliwa. Lakini siku zile 15 majini anazivuka kwa sentensi moja. Aliyempikia, aliyefua maji ya ngama usiku abiria wamelala, hawamo kitabuni.

Ndiyo maana wanafunzi wa mada hii hatukwepi kitabu cha Alan Villiers, Mwaustralia aliyekuwa baharia wa merikebu za matanga kabla ya kuwa mwandishi. Mwishoni mwa mwaka 1938, akiwa Aden, alipanda chombo cha Kuwait kiitwacho Bayan, chini ya nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi, akasafiri nacho hadi Zanzibar na Rufiji, kisha akarudi nacho hadi Kuwait mwaka 1939. Kitabu chake, Sons of Sinbad, kilitoka mwaka 1940. Kuna kurasa zenye dharau za zama zake, hasa anapowasema Waafrika, na kuna kurasa za kusisimka mno. Lakini aliijua kazi ya kamba, na aliona kwa jicho la mtu aliyewahi kuifanya. Alikaa sitahani miezi mingi. Hakuna mwingine wa wakati ule aliyetuachia maelezo ya siku moja hadi nyingine kwa ukaribu huo.

Bayan ilikuwa aina ya chombo ambayo Wakuwait huiita boom: yenye ncha mbele na nyuma, iliyojengwa kwa msaji kutoka pwani ya Malabar nchini India, milingoti miwili, matanga ya pembe tatu, bila injini. Ilifuata kalenda ya zamani kuliko dola yoyote ya pwani hii. Kuanzia karibu Desemba hadi Machi kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki na kuvishusha vyombo kutoka Arabuni, Ghuba na India. Karibu Aprili upepo hugeuka kuwa kusi, na vyombo hupanda kurudi kwao kabla kusi haijakomaa na kuichafua bahari katikati ya mwaka. Nahodha aliyechelewa Zanzibar hakuchelewa kwa siku mbili tatu. Angeweza kuikosa miezi.

Kwa hiyo safari ya kwenda na kurudi ilimla baharia sehemu kubwa ya mwaka. Mwaka huo Bayan ilipita Mukalla na Shihr katika Hadhramaut, ikapakia abiria zaidi ya mia moja waliokuwa wakikimbia ukata wa kwao, ikaambaa na pwani ya Somalia, Hafun na Mogadishu, ikatia nanga Lamu, Mombasa na Zanzibar.

*

Siku ya jahazini ilianza kabla ya jua, kwa adhana. Watu waliamka pale walipolala, yaani popote: juu ya marundo ya kamba, kando ya mashua iliyofungwa sitahani, juu ya magunia ya tende, kichwa cha huyu kikigusa miguu ya yule. Mabaharia hawakuwa na vyumba. Baharia alikuwa na mkeka, blanketi, na sanduku lake. Walitawadha kwa maji ya bahari wakasali safu kwa safu, chombo kikiinama na kuinuka chini ya paji la uso. Kisha kahawa.

Jiko lilikuwa sanduku la mbao lililotiwa mchanga ili moto usiunguze sitaha, na mpishi aliinama mbele yake kuanzia alfajiri, kwenye moshi na rasharasha za mawimbi. Alioka mikate bapa kila siku. Mchana ulikuwa wali wenye siagi ya ng'ombe iliyoyeyushwa, yaani samli, na samaki kama wamepatikana. Tende zilijaza mapengo. Watu walikula kwa mkono kwenye sinia, mduara kwa mduara, haraka. Anayekula polepole katika sinia la watu wanane anajua mwenyewe atakavyolala. Maji ya kunywa yalikaa katika tangi kubwa la mbao na kuchotwa kwa chombo kimoja. Kuoga kulikuwa ndoo ya maji ya chumvi. Choo kilikuwa kisanduku kilichoning'inizwa nje ya ubavu wa chombo, chini yake bahari, na mtu alitumia mlango huo huku akishika kamba barabara.

Wanawake waliosafiri na Bayan waliwekwa chini ya sitaha ya nyuma, katika chumba cha giza chenye dari ya kuinamia, hewa yake ikiwa imejaa harufu ya mafuta ya samaki yaliyopakwa mbaoni. Siku baada ya siku walikaa humo. Villiers alisikia sauti zao kuliko alivyoona nyuso zao, na kitabu kizima kimebeba upungufu huo. Ninapofika kurasa hizo huwa nasoma taratibu. Huku kwetu pia wanawake wengi hawashuki shimoni. Wako juu, wanaponda mawe, wanachota maji, wanapika. Atakayeandika historia ya machimbo haya kwa kusimama mdomoni mwa shimo na kuhesabu wanaoingia na kutoka, ataandika historia ya wanaume peke yao na kudhani amemaliza.

Tunapenda kuwazia jahazi likiteleza kimya chini ya mwezi. Kwa baharia, mwezi ulikuwa taa ya kazi. Kugeuza upande wa tanga katika vyombo vya namna hii ni shughuli ya watu wote: chombo hugeuzwa mgongo kwa upepo, na foromali, mti uliounganishwa kwa vipande vya miti na kufungwa kamba, huzungushwa hadi upande wa pili wa mlingoti, tanga likipigapiga kama ng'ombe aliyekatika kamba. Upepo ukizidi, tanga kubwa halipunguzwi kwa kukunjwa. Hushushwa lote likafungwa jingine dogo mahali pake. Kupandisha foromali kulitaka makumi ya mikono na sauti moja, ndiyo sababu mabaharia waliimba. Mwimbishaji alikuwa na thamani yake, maana bila wimbo mikono haivuti pamoja, na isipovuta pamoja kamba huwarudi.

Bahari ikitulia, kazi haikutulia. Walisokota kamba, walishona matanga kwa kukaa juu yake kama mafundi cherehani, walifua maji ya ngama, walipaka mbao mafuta. Seremala wa Bayan aliunda mashua ndogo pale pale sitahani, safari ikiendelea, ili ziuzwe bandarini. Nilipofika sehemu hiyo niliweka kitabu chini kidogo. Chombo kilichokuwa hakina nafasi ya mtu kunyoosha miguu kilikuwa pia karakana.

Nahodha aliketi nyuma, kwenye benchi lake, akizungukwa na wafanyabiashara na wageni wa heshima, kahawa ikija na kurudi. Mgeni angeweza kudhani hafanyi kitu. Lakini pwani nzima ilikuwa kichwani mwake: rangi ya maji, umbo la vilima, mahali penye miamba, nani wa kuonana naye Lamu na nani wa kukwepwa Mombasa. Kazi yake nyingine, iliyo kubwa zaidi, ilikuwa biashara. Alitafuta shehena, alipanga bei, aliamua chombo kikae bandari gani na siku ngapi. Na alishika hesabu.

*

Kazi mbaya kuliko zote haikuwa baharini. Ilikuwa Rufiji.

Nchi za Ghuba hazina miti ya kujengea, na paa za udongo za Kuwait, Bahrain na miji mingine zililalia boriti za mikoko kutoka pwani yetu. Ndiyo maana chumba cha nyumba ya zamani, huko na Zanzibar, kina upana unaofanana: hakiwezi kuzidi urefu wa boriti. Delta ya Rufiji ilikuwa moja ya maghala makubwa ya miti hiyo. Bayan iliingia katika mikono ya mto ule baada ya Zanzibar, na mabaharia waliotoka kuvuka bahari wakageuka wakata miti. Alfajiri walishuka kwenye matope yanayomeza mguu hadi gotini, wakakata, wakabeba begani, wakapakia mashua, wakazivuta hadi kwenye chombo, kati ya mbu na joto lisilo na upepo. Boriti zilihesabiwa kwa korija, ishirini ishirini. Watu waliugua homa. Villiers, aliyekuwa akiwasifu mabaharia hawa kwa kila namna, hapa anaandika kama mtu aliyeona aibu kutazama.

Na kwa kazi hiyo ya matopeni hakuna aliyelipwa ujira wa siku. Hakuna aliyelipwa mshahara wa mwezi pia. Baharia wa Bayan, kama mabaharia wengi wa Ghuba na wa pwani hii, alifanya kazi kwa mgao.

Mpango wenyewe, kwa ufupi, ulikuwa hivi. Mapato ya safari, nauli za abiria na malipo ya shehena, yaliwekwa pamoja. Kwanza iliondolewa gharama ya chakula. Kilichobaki kiligawanywa mara mbili: nusu ya chombo, yaani ya mwenye mali, na nusu ya watu. Nusu ya watu ilikatwa mafungu. Baharia wa kawaida fungu moja. Serehangi, mpishi na wengine wenye kazi maalumu waliongezewa. Safari ikiwa nzuri, fungu linanenepa. Safari ikiwa mbaya, wote wanakonda pamoja. Zaidi ya hapo kila baharia aliruhusiwa sanduku lake la biashara ndogondogo, vitu vya kununua bandari hii na kuuza bandari ile.

Ukiusikia mpango huu kwa mara ya kwanza unaona haki tupu. Mwenye mali na mtu wa kamba wamefungwa kwenye tanga moja. Niliposoma mara ya kwanza sikuhitaji kufafanuliwa, kwa sababu nimekulia ndani ya mpango huo huo. Dhahabu ya Sekenke ilianza kuchimbwa enzi ya Wajerumani, na mwaka 1916, katikati ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ndiyo iliyotumika kufyatua sarafu za dhahabu za rupia 15 mjini Tabora, zile zenye picha ya tembo. Kampuni zilikuja na kuondoka. Walichoacha wamekirithi wachimbaji wadogo, na wachimbaji wadogo hawana mshahara. Yuko mwenye leseni, yuko mwenye duara, wako wanaoshuka. Mwenye duara analisha watu, ananunua matimba ya kuzuia shimo lisianguke, analipia pampu. Mawe yakitoka, gharama zinaondolewa, kisha mifuko inagawanywa kwa makubaliano. Yasipotoka, mtu amechimba miezi mitatu kwa ugali na maharage.

Kaka yangu anashuka. Mama anapika. Na Mama ana daftari.

Ni daftari la shule la kurasa 96, jalada lake limefunikwa kwa karatasi ya kalenda. Ndani yake kuna majina na vijistari: sahani, chai, sahani, sigara aliyomnunulia mtu, sahani. Mchimbaji anakula leo na kulipa mawe yakitoka. Mama naye amekopa mchele kwa mwenye duka, na mwenye duka amekopa kwa mtu wa Singida mjini. Nilipokuwa darasa la tano ndiye mimi niliyejumlisha zile hesabu jioni, na nilijua kabla ya watu wazima wengi ni nani hataweza kuondoka Shelui mwaka huo.

Kwa hiyo nilipofika kwenye hesabu za jahazini nilitafuta daftari, na lilikuwepo. Baharia hakuweza kuacha familia Kuwait miezi tisa bila chakula. Kabla ya kung'oa nanga alipewa tangulizi. Nahodha alizipata fedha hizo kwa mfanyabiashara, kwa hiyo naye alikuwa na deni. Aliporudi, tangulizi ilikatwa kwenye fungu lake. Fungu lisipotosha, deni lilibaki, na mwenye deni alitakiwa kusafiri tena na yule yule anayemdai. Mabaharia wengi walioshuka kwenye vyombo vya masafa marefu mwanzoni mwa kiangazi cha Ghuba hawakukaa nyumbani. Waliingia kwenye mashua za kupiga mbizi kutafuta lulu, ambako kulikuwa na tangulizi nyingine na daftari jingine. Deni la mzamia lulu liliweza kumfuata mwanawe baada ya kifo. Upepo ulikuwa unageuka mara mbili kwa mwaka. Daftari halikugeuka.

*

Kuna waliopanda majahazi hayo bila hata deni.

Kabla ya biashara ya utumwa kupigwa marufuku, na kwa siri muda mrefu baadaye, vyombo vya kaskazi na kusi vilibeba watu. Mkataba wa mwaka 1845 kati ya Uingereza na Sultani Said ulikataza kuwapeleka watumwa Arabuni. Ule wa mwaka 1873, enzi ya Sultani Barghash, ulifunga soko la Zanzibar na kupiga marufuku kuwasafirisha kwa bahari. Kila mkataba uliongeza bei ya kujificha na kuwabana watu zaidi katika ngama. Wengi wao walitoka bara. Misafara ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji ilipita kusini mwa nchi yetu ya Iramba, ikibeba pembe za ndovu kushuka na nguo na shanga kupanda, na kila mahali misafara ilipopita palikuwa na watu walioondoka wakiwa si wao wenyewe.

Huko Ghuba baadhi yao walifanywa wazamia lulu na mabaharia. Hapo ndipo mgao unapoonyesha sura yake nyingine. Mtumwa aliyepiga mbizi alihesabiwa fungu kama mzamiaji yeyote. Fungu hilo lilichukuliwa na bwana wake. Katika karne ya 20, hadi miaka ya Vita vya Pili, ofisi za Waingereza katika Ghuba zilikuwa zikipokea watu waliokuja kuomba vyeti vya uhuru, na katika maelezo yao mafupi wengine walisema walizaliwa Sawahil, yaani kwetu, wakachukuliwa wakiwa watoto. Maelezo hayo yaliandikwa na makarani, kwa lugha ya ofisi, aya moja moja. Ni machache, lakini ni mahali adimu ambapo mtu wa ngamani anaulizwa jina lake.

Nayasema haya kwa sababu wapo wanaosoma jahazi kama hadithi ya uzuri tu: utamaduni wa bahari, watu wa rangi na dini mbalimbali katika sinia moja, upepo kama mjumbe wa Mungu. Abdul Sheriff, mwanahistoria wa Zanzibar aliyetupa mengi kuhusu bahari hii, ameonyesha jinsi ulimwengu wa majahazi ulivyowachanganya watu kwa karne nyingi bila dola moja kuutawala. Naukubali uzuri huo. Kiswahili changu mwenyewe ni tunda lake. Wapo kwa upande mwingine wanaosoma jahazi kama gereza la kuelea na basi. Wote wawili hawajafungua daftari. Humo utamkuta baharia huru, baharia mwenye deni na baharia anayemilikiwa, wote watatu wakivuta foromali moja, wakiitikia wimbo mmoja, wakila sinia moja, na kila mmoja na mstari wake.

Bayan ilirejea Kuwait mwaka 1939. Miezi michache baadaye vita vikaanza. Mwaka 1946 Kuwait ilianza kusafirisha mafuta nje, na baharia aliyekuwa akisubiri mgao akapata kwa mara ya kwanza kazi yenye mshahara wa kila mwezi. Mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964 yalikata sehemu kubwa ya kamba iliyobaki kati ya visiwa na Arabuni. Majahazi madogo bado yanabeba mbao, chumvi na matofali katika pwani yetu, mengi sasa yakiwa na injini. Safari ile ndefu ya kaskazi na kusi imekwisha. Sijasoma popote kwamba mabaharia wenyewe waliililia sana.

Kitu kimoja cha zama zile ndicho ninachorudia mara nyingi, nacho hakitoki kwenye chombo. Kinatoka Bahrain. Miaka ya 1920, baada ya malalamiko ya muda mrefu kuhusu madeni ya wazamia lulu, palifanywa mageuzi, na mojawapo lilikuwa jambo dogo kabisa: kila mzamiaji apewe kitabu chake cha hesabu, akae nacho mwenyewe. Wenye vyombo walipinga. Ukitazama kwa mbali huoni kwa nini watu wenye mali wagombane juu ya vijitabu. Lakini kabla ya hapo hesabu ilikuwa na upande mmoja. Nahodha aliandika, mzamiaji akaambiwa.

Nilimsimulia Mama habari hiyo Desemba iliyopita, tukichambua maharage. Nilitegemea acheke, maana huwa anacheka ninapomletea mambo ya Waarabu. Hakucheka.

"Mwanangu," akasema, "hilo daftari langu, umewahi kuona mtu amekataa deni?"

Nikamwambia sijawahi.

"Kwa sababu nawaambia na wao waandike. Asiyejua kuandika achore. Yule wa Nkinga alikuwa anakata alama kwenye mpini wa sururu. Tukikutana kuhesabu, ananiletea sururu." Akapepeta maharage, akatupa jiwe. "Kwa mwenye duara ndiko wanakoibiwa. Kule kalamu ni moja."

Nilimuuliza kaka jioni hiyo kama duara lao lina daftari la pili. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama shimo lina lifti. Wiki iliyofuata, kabla sijarudi chuoni, nilimnunulia daftari la kurasa 48 pale stendi. Ukurasa wa kwanza tuliandika pamoja: tarehe, waliokuwa zamu, mifuko iliyopanda, mifuko iliyohesabiwa mbele yao. Safu ya tatu na safu ya nne hazikulingana.